Kurejelewa Sana Si Kusema Kweli



Siku hizi mtaalamu wa tiba akialikwa redioni, mtangazaji humtambulisha kwa hesabu. Husema kwamba mgeni wetu ni profesa, amechapisha makala mia mbili, na kazi zake zimerejelewa mara elfu tano duniani. Baada ya hapo msikilizaji wa Buyenzi au Kamenge hunyamaza kwa heshima, maana ni nani atakayebishana na elfu tano? Leo nataka tuihoji heshima hiyo. Sisemi kwamba hesabu hizo ni za uongo. Nyingi ni za kweli. Nasema kwamba zinajibu swali moja, nasi tunazipokea kana kwamba zimejibu jingine. Zinatuambia ni mara ngapi mtu ametajwa. Hazituambii kama alisema kweli, wala kama kazi yake ilimwinua mgonjwa kitandani. Raia asiyeijua tofauti hiyo ataongozwa na kelele siku ya maradhi.

Tuanze na maana ya maneno, kama ilivyo ada ya ukurasa huu. Mtafiti anapomaliza uchunguzi wake huuandika katika makala na kuipeleka kwenye jarida la kitaaluma. Wajuzi wa fani hiyo huisoma na kuipima kabla haijachapishwa. Watafiti wengine wanapoandika baadaye juu ya jambo lile lile, huitaja makala hiyo katika kazi zao, na kutajwa huko ndiko kunakoitwa kurejelewa. Mmarekani Eugene Garfield ndiye aliyeigeuza desturi hiyo kuwa daftari. Alitoa wazo lake mwaka 1955, na mwaka 1964 daftari la marejeleo ya kisayansi likaanza kutolewa. Lilikuwa chombo kizuri cha kumsaidia msomi kufuata nyayo za wazo kutoka makala moja hadi nyingine.

Kisha chombo cha kutafutia kikageuzwa kuwa mizani ya kupimia watu. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California huko San Diego alipendekeza kipimo kinachojulikana kwa herufi h. Hesabu yake ni nyepesi: mtafiti mwenye h ya 10 ana makala 10 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 10, mwenye h ya 50 ana makala 50 zilizorejelewa angalau mara 50 kila moja. Nambari moja ikawa inabeba maisha yote ya mtu. Wakuu wa vyuo na watoa fedha waliipenda, kwa sababu kusoma makala 50 ni kazi ya miezi, na kusoma nambari moja ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Sisi walimu wa lugha tunajua kwamba kitenzi kurejelea kimetokana na kurejea. Anayerejelea neno la mwenzake analirudia. Lakini mtu huweza kurudi kwa jirani kumshukuru, na huweza kurudi kumdai. Chukua mfano wa soko la Kwa Siyoni hapa Bujumbura. Ukisimama mbali ukaona umati kwenye meza ya muuza ndagala, unajua jambo moja tu, kwamba watu wamejaa. Hujui kama wamekuja kununua, au wamekuja kudai fedha zao kwa kuwa ndagala wa jana walikuwa wameoza, au wanatazama ugomvi. Mwenye kuhesabu vichwa atawaandika wote katika safu moja. Daftari la marejeleo hufanya vivyo hivyo.

Mfano wa wazi ni ule wa Andrew Wakefield. Mnamo Februari 1998 jarida la The Lancet la Uingereza lilichapisha makala yake na wenzake kuhusu watoto 12, iliyowafanya wazazi wengi waiogope chanjo ya surua. Jarida liliifuta makala hiyo Februari 2010, baada ya kubainika kuwa haikuandikwa kwa uaminifu. Mwaka 2019 wachunguzi walichambua kazi 1,153 zilizoirejelea makala hiyo, wakakuta kwamba karibu robo tatu ziliitaja kwa kuipinga. Lakini katika daftari, kila pingamizi liliongeza hesabu ya mwandishi. Shutuma na sifa ziliwekwa katika kapu moja.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu mwaka huo huo wa 1998 jarida hilo hilo lilichapisha makala nyingine, na hiyo ilituhusu sisi.

Katikati ya miaka ya 1990, Burundi ikiwa katika vita, homa kali ilizuka katika gereza la Ngozi. Wagonjwa 9 walipimwa damu, na wote wakakutwa na alama za vijidudu vya homa ya chawa, ambayo madaktari huiita tifasi. Wasomaji wasiichanganye na tifoidi, ambayo huja kwa maji na chakula kichafu. Tifasi huenezwa na chawa wa mwilini, watu wanaposongamana penye baridi bila sabuni wala nguo za kubadili. Wagonjwa 2 kati ya wale 9 walifariki. Katika chawa waliochukuliwa kwa mgonjwa mmoja, maabara ilikuta chembe za urithi za kijidudu chenyewe. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1997 katika jarida la Emerging Infectious Diseases.

Gereza lilikuwa dalili ya mapema. Mwaka 1997 homa hiyo ilienea katika kambi za watu waliohamishwa makwao, hasa kwenye milima yenye baridi. Wananchi waliiita sutama, neno la Kirundi lililo ndugu wa kuchutama kwetu, na kila aliyemwona mgonjwa amejikunyata kwa maumivu anaelewa kwa nini. Kati ya Januari na Septemba mwaka huo waliohesabiwa kuwa wagonjwa walizidi 45,000. Ulikuwa mlipuko mkubwa kuliko wote wa tifasi tangu Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Ugonjwa ambao wengi duniani waliuhesabu kuwa wa vitabu vya historia ulikuwa umeketi Ngozi na Muramvya, ukiwangoja watu waliokimbia na blanketi moja.

Makala iliyotoka katika The Lancet mwezi Agosti 1998 ilieleza kwamba sutama ndiyo tifasi, na kwamba pamoja nayo palikuwa na homa nyingine iletwayo na chawa, ile iliyowatesa askari wa Ulaya katika mahandaki ya Vita Vikuu vya Kwanza. Jina sahihi lilileta tiba sahihi. Wahudumu wa afya walielekezwa kumpa kila aliyeshukiwa kipimo kimoja cha dawa ya doksisaikilini, miligramu 200. Ni dawa ya zamani, ya bei nafuu, na kipimo ni kimoja tu. Hebu fikiria maana ya jambo hilo kwa mhudumu wa kambini asiye na maabara wala kitanda: badala ya kubahatisha, ana neno moja la kufuata na dawa moja ya kutoa. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo maana halisi ya kazi ya kisayansi kuwa na uzito.

Mwandishi wa kwanza wa makala zote mbili alikuwa Didier Raoult wa Marseille, Ufaransa. Ndiyo, ni yule yule ambaye jina lake lilitikisa dunia mwaka 2020. Raoult ni miongoni mwa watafiti wa tiba walioandika sana katika kizazi chake: jina lake liko katika makala zaidi ya elfu mbili, na kipimo chake cha h ni miongoni mwa vile vya juu kabisa katika fani ya maradhi ya kuambukiza. Mtangazaji wa redio akiwa na mgeni wa namna hiyo hahitaji kusema zaidi.

Machi 2020, UVIKO-19 ilipokuwa imeanza kuitia dunia hofu, yeye na wenzake walipeleka kwenye jarida makala kuhusu haidroksiklorokwini, dawa ya jamii ya klorokwini tuliyoizoea kwa malaria. Iliwasilishwa tarehe 16, ikakubaliwa tarehe 17, ikatoka tarehe 20. Mhariri mkuu wa jarida hilo alikuwa mmoja wa waandishi wake. Makala ilihesabu wagonjwa 36: 20 waliopewa dawa na 16 wasiopewa. Msomaji makini angekuta humo humo kwamba waliopewa dawa walikuwa 26, na kwamba 6 hawakuingizwa katika hesabu ya mwisho. Miongoni mwa hao 6, watatu walihamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi na mmoja alifariki. Mwalimu anayeripoti matokeo ya darasa baada ya kuwatoa waliofeli anaweza kutangaza ufaulu wa ajabu.

Makala ikaenea kuliko moto wa nyika. Rais wa Marekani wa wakati huo aliisifu dawa hiyo hadharani. Nchini Nigeria, maofisa wa afya walitangaza visa vya watu waliodhurika kwa kumeza klorokwini wenyewe. Katika nchi kadhaa, wagonjwa wa maradhi mengine waliokuwa wakiitegemea dawa hiyo waliikosa madukani. Mwezi Juni mwaka huo jaribio kubwa la Uingereza lilitoa jibu: kati ya wagonjwa 1,561 waliopewa dawa, asilimia 27 walifariki ndani ya siku 28, kati ya 3,155 waliopata huduma ya kawaida, walifariki asilimia 25. Dawa haikuokoa. Makala ile ya Marseille ilifutwa na jarida lake tarehe 17 Desemba 2024, baada ya kurejelewa zaidi ya mara 3,000, na watatu kati ya waandishi wake walikuwa wameeleza mashaka yao wakaomba majina yao yaondolewe. Raoult mwenyewe ameendelea kuitetea kazi yake.

Ziweke sasa makala mbili za mtu mmoja juu ya mizani. Ile ya Burundi ilitaja ugonjwa kwa jina lake na kuonyesha dawa ya kipimo kimoja kwa watu wasio na sauti. Ile ya 2020 ilifutwa. Kwa hesabu ya marejeleo, ya pili iliiacha ya kwanza mbali sana. Kama daftari lingekuwa mizani ya ukweli au ya manufaa, matokeo yangekuwa kinyume. Wala siandiki haya ili kumfuta mtu mzima kwa kalamu moja. Kazi iliyofanyika juu ya sutama ni njema, na wema wake haukuondoka kwa yaliyofuata. Lakini ndiyo sababu nasema kila kazi ipimwe peke yake. Sifa ya jana haitibu mgonjwa wa leo.

Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ningeongeza kwamba mgema anayelipwa kwa idadi ya vibuyu hulitia maji hata asiposifiwa. Nchini Ufaransa, hospitali za vyuo vikuu hupokea sehemu ya fedha zake kwa kufuata alama zinazotokana na makala za madaktari wake. Mfumo wa aina hiyo humwambia kila mtu: andika, na uandike tena. Mwaka 2023 wachunguzi walipitia tafiti 456 za taasisi aliyoiongoza Raoult, wakakuta tafiti 248 zimetaja nambari ile ile moja ya kibali cha maadili, ingawa zilihusu watu na mahali mbalimbali, nyingine zikiwa zimefanyika Afrika. Makala zake zaidi ya 20 zimekwisha kufutwa na majarida. Hapo jambo hili linaacha kuwa la maprofesa wa mbali. Kibali cha maadili ndicho kinachomlinda mtu anayetolewa damu, awe mfungwa, mkimbizi au mtoto wa kijijini. Pale ambapo wingi wa makala ndiyo sarafu, damu ya mtu dhaifu huwa ndiyo malighafi.

Kuna upande wa pili wa shilingi: daftari linalompandisha mmoja huweza kumsahau mwingine kabisa. Tuvuke mto Ruzizi tuingie Kongo. Mwaka 1976, homa isiyojulikana ilipowaua watu Yambuku, daktari Jean-Jacques Muyembe alitumwa huko kutoka Kinshasa. Aliwachukua wagonjwa damu bila glavu, na damu iliyotoka huko ikafikishwa Antwerp, Ubelgiji. Tarehe 12 Machi 1977 The Lancet lilichapisha makala tatu juu ya kirusi kipya kilichoitwa Ebola: moja ya Wamarekani, moja ya Wabelgiji, moja ya Waingereza. Jina la Muyembe halimo katika hata moja. Kila aliyezirejelea makala hizo kwa miaka iliyofuata aliandika historia bila mtu aliyeingia katika wodi ile.

Yeye hakuacha kazi. Mwaka 1995, Ebola ilipozuka Kikwit, wagonjwa 8 walipewa damu ya watu waliokwisha kupona, na 7 wakaishi. Wenzake wa nje walitilia shaka, na kwa haki, kwa kuwa watu 8 ni wachache mno kuthibitisha dawa. Tazama sasa tofauti ya mwenendo. Idadi hiyo ndogo haikugeuzwa kuwa tangazo la tiba. Iligeuzwa kuwa swali. Kutoka katika damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit, watafiti wa Kongo na Marekani walitengeneza kingamwili. Kati ya 2018 na 2019, vita na hofu vikiwa vimelizunguka eneo, dawa nne zilijaribiwa kwa wagonjwa 681 huko Mangina, Beni, Butembo na Katwa. Waliopewa kingamwili ile walifariki asilimia 35. Waliopewa dawa iliyokuwa ikitegemewa kabla yake walifariki karibu asilimia 50. Mwandishi wa kwanza wa makala hiyo alikuwa Mkongo, Sabue Mulangu. Desemba 2020 dawa ikaidhinishwa Marekani. Kutoka watu 8 hadi dawa iliyothibitishwa ilipita miaka 25. Hakuna kipimo cha h kinachojua kuhesabu subira.

Na kwetu je? Katika makala ya sutama, jina la pili baada ya Raoult ni Jean-Bosco Ndihokubwayo. Msomaji wa Kirundi halihitaji kutafsiriwa jina hilo. Ni la nyumbani. Lilikuwa moja kati ya majina saba. Mwezi Oktoba 2024, homa ya nyani ilipokuwa imeingia Burundi, jarida la Eurosurveillance lilitoa uchambuzi wa wagonjwa waliothibitishwa nchini kuanzia tarehe 3 Julai hadi 9 Septemba mwaka huo, na safari hii jina la Kirundi lilikuwa la kwanza katika orodha. Hiyo ni hatua ya kujivunia. Sitaki tuipime kwa kungoja miaka mitano ili tuone imerejelewa mara ngapi. Swali la haraka zaidi ni hili: yaliyokutwa yalimfikiaje muuguzi wa zahanati, na yalimfikia kwa lugha gani? Katika mwaka ule wa sutama, mtu aliyesimama kambini akieleza kwa Kirundi kwamba nguo zichemshwe na blanketi zianikwe hakuandikwa katika daftari lolote. Hakuna anayehesabu marejeleo ya neno lililosemwa.

Najua hoja itakayoletwa dhidi yangu, nami naiheshimu. Watasema: mwalimu, ukiziondoa nambari, utaweka nini mahali pake? Utaweka kujuana. Mtoto wa mkulima wa Kirundo aliyesoma kwa taabu hana mjomba katika ofisi kubwa. Anazo makala zake tu. Nambari zinamlinda dhidi ya kamati inayompandisha cheo rafiki. Hoja hii ina nguvu, na yeyote aliyeishi katika nchi zetu anaijua. Kwa hiyo sisemi daftari lichomwe. Nasema lirudishwe kwenye kazi yake ya kwanza, yaani kutuonyesha kazi za mtu ziko wapi ili tukazisome.

Tena nambari hazimlindi huyo mtoto wa mkulima kama tunavyodhani. Anayeandika juu ya malaria ya bonde la Imbo ana wasomaji wachache kuliko anayeandika juu ya maradhi ya matajiri, hata kama kazi yake ni bora mara mbili. Anayeandika kwa Kifaransa hurejelewa kidogo kuliko anayeandika kwa Kiingereza, na anayeandika kwa Kiswahili au Kirundi huenda asionekane kabisa. Ukimpima kwa daftari hilo, unamwambia aiache Imbo, aiache lugha ya mama yake, aende akatafute jambo linalozungumzwa Paris au Boston. Upendeleo umebaki pale pale. Umebadilisha mlango tu. Wanasayansi wenyewe wameliona hilo: tangu mwaka 2013 liko tamko lililoandaliwa San Francisco, linaloomba watafiti wapimwe kwa kazi yenyewe wala si kwa hadhi ya jarida iliyochapishwa.

Basi tufanye nini? Kwa vyuo vyetu, napendekeza jambo dogo linalowezekana bila fedha mpya. Anayeomba kupandishwa cheo alete kazi tatu anazoona ni bora, na kamati izisome mwanzo hadi mwisho, pamoja na msomaji mmoja kutoka nje ya nchi asiyemjua. Kisha aulizwe hadharani alikuta nini na kilimfaa nani. Anayejuana na kamati atapata shida kulijibu swali hilo, na aliyefanya kazi hatapata shida. Kwa wanaotoa vibali vya utafiti, sharti liwe hili: mtafiti yeyote atakayechukua damu ya Mrundi arudi aeleze alichokikuta, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, mahali pale pale alipoichukua. Deni hilo lilipwe kabla makala haijahesabiwa kuwa sifa.

Kwa wanahabari, ombi langu ni dogo zaidi. Mkimtambulisha mtaalamu, mtwambie ameshughulika na nini, kabla ya kutwambia ametajwa mara ngapi. Daktari wa moyo mwenye makala mia nne anaweza kujua machache tu juu ya kipindupindu cha Rumonge.

Na kwa raia, wakiwemo wanafunzi wangu ambao kesho watakuwa wazazi na wapiga kura, nayaacha maswali manne ya kuuliza kila mara mtu anapotanguliza jina kubwa mbele ya dawa. La kwanza, walipimwa watu wangapi, na je, wote waliingizwa katika hesabu? Hapo kumbuka wale 6 wa Marseille. La pili, nani mwingine, asiye rafiki yake, amerudia akapata jibu lile lile? La tatu, aliyetoa damu aliombwa ridhaa na nani, na alirudishiwa nini? La nne, nani anafaidika mimi nikiamini? Maswali haya hayahitaji shahada. Mama anayenunua maharage sokoni huuliza makali kuliko hayo kabla hajafungua kibindo chake.

Heshima kwa wasomi ni tabia njema, na sitaki mtu aichukue makala hii kama ruhusa ya kumdharau daktari. Watu wa Ngozi waliokolewa na wasomi. Lakini waliokolewa na kile ambacho wasomi hao walikikuta ndani ya chawa na ndani ya damu, wakakieleza kwa uwazi, hata mhudumu wa kambini akakitumia siku ile ile. Heshima yetu iende huko. Maradhi mengine yatakuja, kwa kuwa tunaishi kando ya ziwa, njia panda ya nchi nyingi, na wageni wenye majina makubwa watakuja pamoja nayo. Tuwape kiti, tuwape maji ya kunywa, kisha tuwaulize walichokikuta.